Macho Mawili, Darubini Mbili

Niliwahi kuuziwa kisanduku cha ngozi chenye nafasi mbili za mviringo ndani. Moja ilikuwa na lenzi ya kuvalisha kwenye kamera ya lenzi mbili, ya kuvutia vitu vya mbali; ya pili ilikuwa tupu. Muuzaji akanituliza: kilichopotea ni cha juu, na lenzi ya juu haipigi picha, inatazama tu. Nikalipa. Roli yangu ya kwanza ya picha 12 ilitoka na nyuso zisizotambulika, vipaji vya nyuso vimekatwa, na mwembe uliokuwa mbali nyuma ya watu umetoka safi hadi jani la mwisho.

Kosa lile ndilo somo lenyewe la vifaa hivi, kwa hiyo tuanze na kamera.

Kamera ya lenzi mbili ina lenzi moja juu ya nyingine. Ya juu hupeleka taswira kwenye kioo kilicholazwa kwa pembe, nacho huirusha juu, kwenye kioo cha kutazamia. Ndiyo maana mpiga picha huishika kifuani na kuinamisha kichwa. Ya chini ina shata, na nyuma yake imelala filamu. Zote zimefungwa kwenye bamba moja, hivyo ukizungusha kifundo zinakwenda mbele na kurudi nyuma pamoja. Kinachoonekana wazi juu kitakuwa wazi chini. Rolleiflex ya kampuni ya Franke & Heidecke, mjini Braunschweig, Ujerumani, ilitoka mwaka 1929 ikiwa na mpango huo, na wengi walioifuata, Yashica ya Japani wakiwemo, waliushika huohuo.

Mpango huo una gharama yake. Lenzi za Rolleiflex ya kawaida hazitoki. Ukinunua ya milimita 75 au 80, ndiyo utakayoishi nayo. Kwa picha ya mraba wa sentimita 6 kwa 6 lenzi hiyo huona upana wa nyuzi 39 hivi, ambao unatosha kwa watu waliosimama au mlango wa nyumba, lakini ukitaka uso peke yake inabidi umsogelee mtu mno, na pua huanza kutawala.

Dawa waliyoitafuta mafundi ilikuwa darubini ya kuvalisha mbele ya lenzi. Ni mpango uleule wa darubini ya Galileo: mbele lenzi iliyotuna katikati, nyuma yake lenzi iliyobonyea. Miale ya kitu cha mbali huingia ikiwa sambamba na hutoka ikiwa sambamba, ila pembe kati ya mwale wa kitu hiki na wa kile imepanuliwa. Kamera yenyewe haibadiliki hata kidogo. Inaletewa ulimwengu uliokwisha kukuzwa. Kifaa cha mara 1.5 huifanya lenzi ya milimita 80 ifanye kazi kama ya milimita 120, na upana wa nyuzi 39 hushuka hadi 26.

Sasa lile jambo lililoniharibia roli. Darubini ya namna hii haikuzi tu, inabadilisha pia umbali ambao lenzi ya kamera inadhani kitu kipo. Umbali hugawanywa kwa ukuzaji uliozidishwa kwa wenyewe: kwa kifaa cha mara 1.5, ni 2.25. Mtu aliye mita 4.5 huonekana kwa lenzi kama yuko mita 2. Mimi nilimlenga kwa lenzi ya juu, iliyokuwa uchi, nikaiweka kamera kwenye mita 4.5, lenzi ya chini, iliyovaa darubini, ikawa inalenga mita 10. Hapo ndipo mwembe ulipokuwa umesimama. Na kwa kuwa juu niliona eneo pana kuliko lililoingia kwenye filamu, vichwa vilikatwa.

Kwa hiyo cha juu ndicho roho ya kifaa. Vyote viwili vikivaliwa, jicho la juu hudanganywa kwa kiasi kilekile cha jicho la chini, na kwa sababu hiyo kioo cha kutazamia hurudi kusema kweli. Namba za umbali zilizoandikwa kwenye kifundo ndizo zisizofaa tena. Kamera inayofika mita 1 haitalenga karibu zaidi ya mita 2.25, umbali ambao, kwa bahati njema, ni mzuri sana kwa picha ya mtu.

Ugumu mwingine uko kwenye nafasi. Ili mwanga usipungue, kioo cha mbele lazima kiwe kikubwa kulingana na ukuzaji. Lenzi ya milimita 80 yenye tundu la f/2.8 ina mlango wa mwanga wa milimita 29 hivi. Kwa mara 1.5 kioo cha mbele kinadai angalau milimita 43, na zaidi ya hapo ukitaka pembe za picha zisiwe na giza. Lakini kutoka kitovu cha lenzi moja hadi cha nyingine ni sentimita 4 na kidogo tu. Vioo viwili vya ukubwa huo vinasukumana. Yashica waliuza jozi ya vipande viwili, kila kimoja na mahali pake. Zeiss, katika Mutar ya mara 1.5 waliyoitengenezea Rolleiflex, waliweka vioo vya juu na vya chini ndani ya umbo moja zito. Naupenda uamuzi huo kuliko yote, kwa sababu nusu yake haiwezi kupotea. Zeiss walikuwa pia na Magnar, ya mara 4. Kwenye lenzi ya milimita 75 hiyo ni 300, na kwa f/3.5 hesabu inadai kioo cha milimita 86. Kioo kama hicho hakina pa kukaa hapo, kwa hiyo mwanga lazima upungue.

Wengine waliona darubini haitoshi. Mwaka 1959 ikatoka Tele-Rolleiflex, kamera nzima iliyojengwa kwa lenzi ya Sonnar ya milimita 135, f/4. Mamiya wa Japani walikuwa wameshakata fundo kwa upande wao: kamera zao za mfululizo wa C hubadilisha lenzi mbili kwa pamoja, zikiwa kwenye bamba moja, hadi milimita 250, na ndani kuna pazia la kukinga filamu isiingie mwanga wakati wa kubadilisha. Anayehitaji lenzi ndefu kila siku anunue Mamiya. Sisemi hivyo kwa kusitasita.

Maana ukweli wa hesabu ni huu: ukipiga bila kifaa kisha ukakata picha kwa kiasi cha mara 1.5, unabaki na mraba wa milimita 37 wa filamu, ambao bado ni mkubwa kuliko picha nzima ya filamu ya milimita 35. Darubini ya kuvalisha inakupa filamu nzima, lakini inakudai ufunge tundu hadi f/8 au f/11 ili pembe zitulie. Kwa mwanga wa mchana na uso wa mtu mmoja, nadhani inastahili.

Anayetafuta jozi aanze na kishikizo. Rolleiflex zina bayoneti za namba I, II na III, na ya namba fulani haikai kwenye nyingine. Kisha apenyeze mwanga wa tochi ndani ya vioo. Kwetu pwani ngozi ya kisanduku hunyonya unyevu, na kuvu hutambaa kwenye kioo kama mizizi ya nywele. Kitu kizuri kihifadhiwe nje ya kisanduku chake. Mwisho avalishe vipande vyote viwili, afungue mgongo wa kamera isiyo na filamu, anyooshe karatasi ya kunakilia michoro pale filamu inapolala, ashikilie shata wazi kwenye B, na alenge dirisha la mbali kwa kioo cha juu. Nondo za dirisha zikiwa kali juu na kwenye karatasi kwa wakati mmoja, vipande hivyo viwili vimezaliwa pamoja.