Maziwa Yaliyochakachuliwa na Sheria Iliyochelewa

Mwaka 2008, hospitali za China zilipokea watoto wachanga wengi wenye mawe kwenye figo, maradhi ambayo ni nadra kwa umri huo. Wengi wao walikuwa wamelelewa kwa maziwa ya unga ya Sanlu, kampuni ya Shijiazhuang, jimbo la Hebei.

Uchakachuaji wenyewe ulikuwa rahisi. Maziwa yakiongezwa maji, protini hupungua. Lakini kipimo kilichotumika hakikupima protini yenyewe, kilipima naitrojeni. Wachuuzi wakatia melamini, kemikali ya viwanda vya plastiki yenye naitrojeni tele, na maziwa mepesi yakapita ukaguzi. Watoto wapatao 300,000 waliugua, sita wakafariki.

Kinachouma zaidi ni ukimya. Malalamiko ya wazazi yaliifikia Sanlu tangu Desemba 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008 viongozi wa mji wa Shijiazhuang walijulishwa, lakini Beijing ilikuwa ikijiandaa kufungua Michezo ya Olimpiki, na taarifa ikakaliwa. Umma ulifahamu Septemba, baada ya serikali ya New Zealand, nchi ya kampuni ya maziwa ya Fonterra iliyokuwa mbia wa Sanlu, kuiarifu Beijing, na mwandishi wa gazeti la Shanghai, Jian Guangzhou, kuitaja kampuni hiyo kwa jina. Muda wote huo, bidhaa za Sanlu zilikuwa na msamaha wa kutokaguliwa na serikali. Nchi nyingi zilipiga marufuku maziwa ya China, Tanzania ikiwemo.

Februari 2009 China ilipitisha Sheria ya Usalama wa Chakula. Ilikataza misamaha ya ukaguzi na kumpa mlaji haki ya kudai fidia mara kumi ya bei ya chakula kisichokidhi viwango. Mwaka 2015 ikakazwa zaidi. Hizo ni hatua njema. Lakini Novemba 2010, Zhao Lianhai, ambaye mwanawe aliugua na aliyewaunganisha wazazi wenzake kudai haki, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu.

Hapo ndipo penye kasoro. Maabara hupima kile tu ilichoagizwa kutafuta. Mzazi huona mtoto wake anavyoumwa. Nchi inayolisha wengine, na nchi inayonunua, zote zina wajibu uleule: kutangaza matokeo ya vipimo mapema na kumlinda anayelalamika. Sheria ya chakula inayomfunga mdomo mlaji haiwezi kumlinda.