Jina jipya kwenye mashua ya faiba: Kazi kubwa ni kubandua la zamani

JINA lililoandikwa ubavuni mwa chombo cha baharini si pambo tu; ni kitambulisho chake. Chombo kinapokwama au kupotea, waokoaji hupewa jina au namba yake ya usajili, na hayo ndiyo watakayoyatafuta kwa darubini miongoni mwa vyombo vingine.

Kwa sababu hiyo, mwenye mashua ya matanga iliyoundwa kwa faiba, ambayo herufi zake zimepasuka na kubanduka nusu nusu, hana budi kuzibadilisha mapema. Wengi hudhani ni kazi nyepesi ya kukwangua kwa kisu na kubandika stika mpya. Matokeo yake ni ubavu uliojaa mikwaruzo, na jina jipya lisilodumu.

Humu nchini, vyombo vya majini hukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA. Kabla ya kuagiza herufi mpya, mmiliki anapaswa kulinganisha tahajia ya jina na namba na zile zilizo katika hati zake. Chombo chenye jina moja kwenye karatasi na jingine ubavuni huzua maswali. Anayetaka kubadilisha jina lenyewe amalize kwanza shughuli za usajili.

Kwa nini herufi huchakaa

Stika hizi hutengenezwa kwa vinili, aina ya plastiki iliyotiwa kemikali za kuilainisha. Jua la pwani huuondoa ulaini huo kidogo kidogo, hadi plastiki inakauka, inajikunja na kupasuka vipande vipande. Gundi iliyo chini yake nayo hukakamaa.

Mwili wa mashua yenyewe ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Juu yake kuna tabaka laini liitwalo jelikoti, ambalo ndilo lenye rangi na mng'ao. Unene wake ni takriban nusu milimita tu. Kisu cha chuma kikiteleza, hulichimba tabaka hilo, na kulitengeneza ni ghali kuliko stika zote za mashua hiyo.

Kubandua bila kujeruhi

Silaha ya kwanza ni joto. Mashine ya kukaushia nywele yatosha. Herufi hupashwa moto hadi gundi ilegee, kisha pembe yake huinuliwa kwa ukucha au kipande cha plastiki, kwa mfano kadi kuukuu ya benki. Vinili huvutwa polepole, ikikunjwa kurudi nyuma juu yake yenyewe badala ya kung'olewa kuelekea nje. Ikikatika, hupashwa moto tena.

Gundi inayosalia huondolewa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, ikiachwa ilainike kwa dakika chache kabla ya kusuguliwa. Kifaa cha joto kisitumiwe tena mahali hapo wakati mafuta yangali mabichi, kwani yanaweza kushika moto. Iwapo mashua imepakwa rangi juu ya jelikoti, asetoni na tina ziepukwe kwa kuwa huweza kuiyeyusha rangi hiyo. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana.

Hata baada ya gundi kuisha, jina la zamani huendelea kusomeka kama kivuli. Sababu ni kwamba sehemu iliyofunikwa na stika ilikingwa na jua, ilhali iliyoizunguka ilififia. Tiba yake ni kusugua eneo zima kwa dawa ya kung'arishia. Hiyo isipofaulu, hutumiwa msasa wa maji ulio laini, wa namba 1000, kisha 1500 na 2000, na kumalizia kwa dawa hiyo hiyo. Hapa tahadhari yahitajika: nusu milimita haichelewi kuisha. Kivuli hafifu ni afadhali kuliko jelikoti iliyotoboka.

Kubandika herufi mpya

Mafundi wa mabango hukata herufi kwa kompyuta kulingana na vipimo vya mteja. Vinili nyembamba iliyoundwa kwa kumiminwa hudumu zaidi na hufuata mikunjo ya mashua vyema kuliko ile nene iliyobanwa kwa rola, ingawa bei yake ni ya juu.

Maandishi ya madoido huvutia ufukoni lakini hayasomeki kwa mbali. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni zinataka namba za usajili za boti ziwe na urefu usiopungua inchi 3, ziwe za rangi inayotofautiana na ya mwili, na ziwekwe pande zote mbili za nusu ya mbele. Ni kipimo kizuri kwa yeyote anayetaka chombo chake kitambulike.

Ubavu huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hupanguswa kwa spiriti ili kuondoa nta na mafuta. Stika haishiki juu ya nta. Kazi ifanywe kivulini, kwa sababu mwili uliochomwa na jua hufanya gundi ing'ang'anie papo hapo. Siku ya mvua au umande haifai.

Karatasi yenye herufi hushikizwa kwanza kwa utepe, na fundi asogee mbali kuitazama. Kwa kuwa ubavu wa mashua umepinda, rula pekee hudanganya. Mahali pakiwa sawa, ubavu hunyunyiziwa maji yenye matone machache ya sabuni ili herufi ziweze kusogezwa. Maji na hewa husukumwa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kipande cha plastiki. Kiputo kinachobaki hutobolewa kwa pini. Mashua ipumzishwe angalau siku nzima kabla ya kurudishwa majini.

Maganda ya vinili yakusanywe yote, kwani ni plastiki isiyooza na upepo huyapeleka baharini. Nayo nta isipakwe hadi herufi zishike barabara. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: mwenye kuharakisha siku moja hurudia kazi ile ile msimu unaofuata, huku chombo chake kikisafiri bila jina linalosomeka.