Mkunga wa Miiba Ndani ya Kioo

Mwanafunzi mwenzangu, usimdhanie mkunga huyu kuwa nyoka. Ni samaki wa maji matamu, na wa jamii yake wamo hata katika Ziwa Victoria. Mgongoni ana safu ya miiba mifupi, kwa hivyo usimshike ovyo.

Ukimfuga katika tangi la kioo, tandaza mchanga laini, maana mchana hujizika akabakiza pua tu. Kokoto kali zitamchuna ngozi, na kidonda kikioza, basi! Kifuniko nacho kisiache upenyo. Usiku hupenya tundu dogo, asubuhi unamkuta sakafuni amekauka kama omena. Chakula cha pakiti wengi wao hukikataa katakata. Mpe nyungunyungu, tena taa zikishazimwa, kwani samaki wenye mbio humnyang'anya, akakonda hadi kufa huku wewe ukidhani ameshiba.