Chumvi Ukutani na Njia ya Maji

Unga mweupe unaojitokeza juu ya plasta ya ndani, hasa sehemu ya chini ya ukuta, ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka, na kwa hiyo humweleza mwenye nyumba maji yalipopita kabla ya kuwa uchafu wa kufutwa. Namasakata, kama zilivyo sehemu nyingi za mkoa wa Ruvuma, hutumia sana matofali ya kuchoma, na mvua zake hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hapo ndipo kosa huanzia: ukuta hunywa maji wakati wa mvua, lakini chumvi hutokeza kiangazi, ukuta unapokauka, wakati chanzo chake hakionekani tena. Rangi hupakwa juu yake, na mwaka unaofuata hubanduka tena.

Tofali, hasa lisiloiva vizuri tanuruni, lina vinyweleo vyembamba vinavyopandisha maji ya ardhini kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, na pale msingi usipokuwa na mkanda wa nailoni au lami wa kuzuia unyevu juu ya jamvi, maji hayo mara nyingi hufika karibu mita moja ukutani. Njiani huyeyusha salfeti zilizomo katika udongo, tofali na saruji, pamoja na naitreti zitokazo kwenye mashimo ya choo na mazizi yaliyo karibu. Maji yakikaukia juu ya plasta, hubaki unga usio na madhara makubwa. Yakikaukia nyuma yake, fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo na kuisukuma plasta hadi ipasuke. Salfeti ya sodiamu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ikifyonza maji ujazo wake huongezeka zaidi ya mara tatu.

Hata hivyo, si kila ukuta wenye chumvi unapandisha maji. Saruji mpya hutoa unga wake katika miezi ya mwanzo, kisha ukakoma. Nayo chumvi ya kawaida hufyonza mvuke wa hewani pindi unyevuanga unapozidi takriban asilimia 75, hivyo ukuta ukalowa bila bomba kuvuja wala msingi kuwa na kasoro. Vipimo rahisi husaidia kutofautisha. Tone la maji huyeyusha chumvi, lakini haliyeyushi ukungu wala chokaa, na chokaa hutoa povu ikitiwa siki. Kipande cha nailoni kikigandishwa ukutani kwa siku moja au mbili, umande ukijikusanya upande wa chumbani huwa umetoka hewani, ukijikusanya upande wa ukuta huwa umetoka ndani yake.

Tiba inayopendwa zaidi, yaani plasta ngumu ya saruji ikifuatwa na rangi ya mafuta, ndiyo inayostahili kushukiwa zaidi, kwa kuwa huziba upande mmoja na kuyalazimisha maji kupanda juu zaidi au kutokea upande wa pili. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umelionyesha hilo katika kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo viraka vya saruji huzifungia unyevu ndani.

Kazi huanzia nje: maji ya paa huelekezwa mbali na msingi kwa gata na mfereji, na udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu huondolewa. Chumvi hupigwa brashi kavu na kuzolewa, wala haioshwi, kwa sababu maji huirudisha ndani. Plasta iliyooza hubanduliwa hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho ya chumvi, na viungo vya matofali kuchokonolewa. Kwa kanuni ya mafundi ya takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, ukuta wa sentimita 15 huhitaji kama miezi sita kukauka, hivyo plasta inayobanduliwa Mei, mvua zinapokatika, humwachia fundi muda mfupi tu kabla ya Desemba kupiga nyingine ya chokaa na kupaka rangi inayoruhusu ukuta kupumua.