Kiti cha Msikilizaji: Misimu ya Muziki kutoka Unguja hadi Muscat

Vijana wa familia zetu walioko Muscat, Dubai na London hutuuliza mara kwa mara swali ambalo mababu zetu wasingelipata kuliuliza: haya maonyesho ya opera na baleti yanayofanywa kila msimu katika Jumba la Opera la Kifalme la Muscat yanatuhusu nini sisi, watu tuliotoka Unguja na Pemba? Wengine huuliza kwa kutaka kujua, wengine kwa kejeli. Tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu lake linapita katika historia ambayo haijaandikwa vya kutosha, na sehemu moja ya historia hiyo tumeikwepa wenyewe kwa makusudi.

Tuanze na jumba lenyewe. Sultan Qaboos bin Said, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliamuru lijengwe mwaka 2001. Lilifunguliwa Oktoba 2011 huko Shati al-Qurm kwa opera ya Puccini iitwayo Turandot, iliyotayarishwa na Franco Zeffirelli, huku Plácido Domingo akiongoza okestra. Ukumbi unachukua watu wapatao 1,100. Lakini watu walitangulia jengo. Okestra ya Simfoni ya Kifalme ya Oman iliundwa mwaka 1985 kwa vijana wa Kiomani waliofunzwa tangu mwanzo, wengi wao wakiwa hawajapata kushika fidla maishani mwao, na ikatoa onyesho lake la kwanza mwaka 1987. Kwa hiyo kabla ya kuta za marumaru palishapita zaidi ya miaka 20 ya watoto kujifunza kusoma noti.

Neno lenyewe tunalotumia lina hadithi. Msimu ni mawsim ya Kiarabu, na kwa wazee wetu msimu ulikuwa upepo: kaskazi ya kuleta majahazi kutoka Sur na Matrah, kusi ya kuyarudisha. Wenye majumba ya opera nao wana msimu wao, ambao Muscat huanza joto linapopungua na kumalizika kabla halijarudi. Ndani yake huwekwa mfululizo wa maonyesho yaliyopangwa muda mrefu kabla, opera hii, baleti ile, usiku wa muziki wa Kiarabu, okestra ya mgeni fulani, na msikilizaji akajua tangu mapema ni usiku gani atakaa kitini. Jambo hili la watu kukusanyika kwa tarehe maalumu, wakae, wanyamaze na wasikilize muziki uliofanyiwa mazoezi, ndilo vijana wetu wanalodhani limekuja juzi kutoka Ulaya.

Halikuja juzi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu aliyeona dunia. Alihamishiwa Bombay mwaka 1859 baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Majid, na mwaka 1875 alizuru Uingereza, safari iliyoandikiwa kitabu kizima cha Kiarabu na Zahir bin Said. Aliyoyaona huko yanaonekana katika majumba yake, la Beit al-Ajaib likiwa la mwaka 1883. Bendi ya Wagoa ilipiga muziki wa Kizungu mbele ya kasri, na watu wa mji walisimama kuisikiliza. Ndani ya kasri, hata hivyo, Sultani alitaka kitu kingine. Mapokeo ya waimbaji wa Unguja yanasema kwamba alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akamtuma Mzanzibari, Muhammad bin Ibrahim, aende Cairo akajifunze kanuni, ili aje kuwafundisha wengine. Hapo ndipo wenyewe wanapoanzia historia ya taarab.

Mwaka 1905 vijana wa Mji Mkongwe walianzisha Nadi Ikhwan Safaa, wakaazima jina kutoka kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, wakaagiza ala kutoka Misri. Hebu tulitazame jina hilo kidogo. Vijana wanaounda klabu ya muziki wanajiita kwa jina la wanachuoni waliouona muziki kuwa tawi la hesabu na tiba ya nafsi. Hawakujiona kuwa wanafanya mchezo. Onyesho lao lilifunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala bila maneno, ndipo zikafuata nyimbo, na waliohudhuria walikaa kwa mpango, wamevaa, wamejitia udi. Chombo baada ya chombo, udi, fidla, kanuni, nai, dumbak, rika, kila kimoja kina zamu yake ya kusikika. Kama neno la "klasiki" lina maana yoyote zaidi ya "cha Kizungu", basi hiyo ilikuwa klasiki.

Kisha ikaja redio. Redio ya Misri ilifunguliwa mwaka 1934, na Umm Kulthum akawa na Alhamisi yake ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia vuli hadi mwanzo wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Sisi wa rika hili tumekulia katika kivuli cha Alhamisi hizo. Ugenini au nyumbani, mwenye redio nzuri alikuwa na wageni. Hakuna jumba la opera lililopata kuwa na ukumbi mkubwa kama ule, kuanzia Baghdad hadi Tangier, na kusini hadi kwenye barza za Vuga na Malindi. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima na zaidi, kwa sababu wasikilizaji waliokuwa ukumbini walimrudisha nyuma. Walipopiga kelele za kuridhika aliurudia mstari, akaugeuza, akaupeleka katika maqam nyingine, kisha akaurudisha. Msikilizaji alikuwa na kazi, na aliyeijua kazi hiyo aliitwa sammi', msikilizaji mwenye sikio.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya kweli baina ya ukumbi wa opera na barza yetu, nayo inahitaji kufafanuliwa kwa vijana wanaohisi ugeni bila kujua unatoka wapi. Katika ukumbi wa Ulaya, tangu karne ya 19, adabu ni kunyamaza mpaka mwisho. Hata kupiga makofi katikati ya simfoni ni aibu. Katika tarab, neno ambalo kwa Kiarabu ni ule mtikisiko unaompata mtu kwa kusikia, kunyamaza kabisa ni kumtukana mwimbaji. Unguja tukaongeza letu, kutuza: mtu anainuka kitini, anakwenda kwa madaha mpaka jukwaani, anatoa noti, na ubeti uliomwinua unakuwa ujumbe wake kwa fulani aliyekaa safu ya nyuma. Bibi mmoja wa ukoo wetu alipelekwa na wajukuu kutazama baleti katika ukumbi mmoja wa Uingereza. Mchezaji alipozunguka kwa ncha ya kidole mara nyingi kupita kiasi, bibi akasema "Allah!" kwa sauti yake yote. Safu tatu ziligeuka. Wajukuu waliona haya. Kwa maoni yetu bibi ndiye pekee ukumbini aliyempa mchezaji yule haki yake.

Sasa tufike kwenye maneno, maana ndiyo yenye uzito zaidi. Taarab ya mwanzo Unguja iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi wa walioimba na waliosikiliza hawakukijua Kiarabu hicho barabara. Walizihifadhi sauti. Aliyeligeuza jambo hili ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili mambo ya mji, hukumu za mahakama, dhulma za wenye mali kwa wasio nacho. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, akina Subeti Ambar na Buda Swedi, wakarekodi sahani za santuri zilizosambaa pwani yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Tangu hapo msikilizaji wa Unguja alijua anaimbiwa nini, na aliweza kukasirika.

Ng'ambo ya pili ya bahari palikuwa na kisa kama hicho kilichogeuzwa kichwa chini, nasi tulikikuta tulipohamia.

Familia nyingi zetu zilifika Oman baada ya 1964, na nyingi zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita walioko nje. Tulikuja na Kiswahili chetu, tukaitwa Wazinjibari, tukajifunza kukinong'ona sokoni. Halafu tukaenda harusini, Matrah, pwani ya Batina, Sur, na tukasikia zumari, tukaona watu wamefanya duara, wanakwenda polepole, mpiga zumari yumo kati, na ngoma za lewa zinalia. Katikati ya Kiarabu tukasikia maneno ya Kiswahili. Walioyaimba hawakupata kuiona Afrika, na wengi hawakuyajua maana. Waliyapokea kwa mama na bibi, kama waimbaji wa Barghash walivyoipokea Misri. Hata zumari lenyewe limesafiri kwenda na kurudi: mizmar ya Kiarabu ikawa zumari pwani kwetu, na ngoma zilizotoka kwetu zikaenda kukaa nayo Uarabuni. Lewa hupatikana pia Emirati, Bahrain, Kuwait, hata Makran ya Baluchistan.

Wazee wetu walifanyaje? Tuseme kweli, ndugu wasomaji. Wengi waligeuza uso. Tuliambiwa majumbani kwamba ile ni ngoma ya watumwa, haituhusu. Sisi ni watu wa mashamba ya karafuu, wa makadhi na wa nasaba. Majahazi yaliyotuletea tende na kupeleka karafuu ndiyo yaliyobeba watu waliofungwa, na Kiswahili kilichomo ndani ya lewa kilivuka bahari vifuani mwao, kabla sisi hatujavuka na masanduku yetu. Sisi wenyewe, tuliosomeshwa kuheshimu hati, tumejaza kurasa nyingi kwa shajara za nasaba na barua za masultani, na tukaipa lewa mistari isiyojaza kiganja. Hatuna udhuru mzuri. Hati za kina sisi zilikuwa kabatini. Zao zilikuwa zikiimbwa dirishani petu, nasi tukafunga dirisha.

Wako waliofanya vyema kuliko sisi. Kituo cha Oman cha Muziki wa Asili, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilipita mikoani kurekodi na kupiga picha ngoma na nyimbo za nchi, lewa ikiwemo. Ngoma nyingine za Oman zimefika hadi UNESCO, kama al-Bar'a ya Dhofar, ambayo wachezaji wake hushika jambia, iliyoandikishwa mwaka 2010, na al-Azi, sanaa ya mashairi ya kujifaharisha, mwaka 2012. Kurekodi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inahitaji mtu anayejua Kiswahili cha zamani cha mrima na visiwani, anayeweza kusikia neno lililopindwa na ulimi wa Kiarabu kwa vizazi vinne au vitano na kulirudisha mahali pake. Watu hao ni wa rika letu na zaidi. Wajukuu wetu wa Muscat wanasema Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili chao ni cha kuombea chakula.

Turudi kitini. Katika Jumba la Opera la Muscat kila kiti kina skrini ndogo mgongoni mwa kiti cha mbele, na kwayo msikilizaji husoma tafsiri ya kinachoimbwa. Mtu wa Nizwa asiyejua hata neno la Kitaliano anafuata mafumbo matatu ya binti mfalme Turandot, anajua nani anakufa na kwa nini. Tumekaa mbele ya skrini hizo, tukavutiwa, na fikira ikatupeleka kwingine. Mtu huyo huyo akienda harusini Alhamisi inayofuata, akazungukwa na lewa, hana skrini. Anayeimba hana tafsiri, anayesikiliza hana, na sisi wachache tuliokuwa nayo tulikaa kimya kwa ajili ya heshima ya ukoo.

Basi kwa vijana waliouliza: opera na baleti zinakuhusuni kwa njia ile ile Cairo ilivyomhusu Muhammad bin Ibrahim. Nendeni, mkae, mjifunze jinsi kazi kubwa inavyotayarishwa, namna kitabu cha onyesho kinavyomweleza mgeni kila tendo na kila jina. Kisha chukueni ujuzi huo huo mwende nao kwa mpiga zumari. Mwulizeni alijifunza kwa nani, na huyo kwa nani. Mwulizeni kila ngoma jina lake; msondo, rahmani na kasir si ngoma moja, na kila moja ina kauli yake. Rekodini maneno bila kuyasahihisha, hata yakionekana hayana maana, na msiache kuandika mahali na jina la aliyeimba akiridhia.

Tunayo kanda moja tuliyorekodi Sur miaka mingi iliyopita, ya dakika 40 hivi. Humo mna neno linalorudiwa, ambalo mmoja wetu analisikia "mwezi" na mwingine "mwenzi". Tumeisikiliza mara nyingi mno. Bibi aliyeliimba alitucheka tulipomwuliza, akasema ndivyo mama yake alivyosema. Msomaji mwenye sikio, hasa aliyelelewa Tumbatu, Makunduchi au Mrima, atakayetaka kuisikiliza nasi, milango iko wazi.