Kadi ya Grafiki Katika Kompyuta Kuukuu: Kagua Kabla ya Kununua

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika saiba, ofisi ndogo na vyuo vya mafunzo ya ufundi hapa Nyeri, Karatina na Othaya ni mitumba. Baadhi ya shule nchini zimepata zao kupitia shirika la Computer for Schools Kenya, ambalo tangu 2002 hukarabati kompyuta zilizotumika na kuzisambazia shule. Mashine hizi hudumu. Shida huanza pale mwenyewe anapotaka kuiongezea kadi ya grafiki, kile kipande kinachotuma picha kwenye skrini, ili mwanafunzi aweze kuchora ramani za nyumba au skrini mbili zitumike kwa pamoja. Anapanda matatu hadi Nairobi, analipa, anarudi, anaichomeka, na skrini inabaki nyeusi. Kurudishiwa pesa ni nadra.

Jiulize kwanza kama kadi ndiyo dawa. Kupiga chapa, kujaza ritani kwenye iTax au kuomba cheti kwenye eCitizen hakuhitaji kadi ya ziada. Mashine ikijikokota kwa kazi hizo, kuongeza memori au kuweka diski ya SSD kutasaidia zaidi. Kadi inafaa kwa michoro, kuhariri video, skrini zaidi ya moja, au pale tundu la picha la mashine yenyewe limekufa.

Ukiamua kununua, fungua kasha utazame sloti. Kompyuta za kuanzia mwaka 1997 hadi miaka ya kati ya 2000 zilitumia sloti ya AGP. Kuanzia 2004 ilianza kuchukuliwa na PCI Express, inayotumika hadi leo. Kadi ya aina moja haiingii katika sloti ya nyingine, na hakuna kulazimisha. AGP yenyewe ina matoleo ya volti tofauti: kadi za kwanza zilitumia volti 3.3, za baadaye 1.5 na chini yake. Pengo lililokatwa kwenye meno ya kadi ndilo linaloonyesha volti yake. Lisipolingana na kizuizi kilicho ndani ya sloti, kadi hiyo si ya mashine yako.

Jambo la pili ni stima, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sloti ndefu ya PCI Express, kwa kawaida, hutoa wati 75 zisizozidi, na katika baadhi ya mashine ndogo za ofisini mtengenezaji ameziwekea kikomo cha chini zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu la pini 6 au 8 la kuunganishwa moja kwa moja na pawa saplai. Pawa saplai za mashine nyembamba mara nyingi ni za wati 250 hivi na hazina waya huo. Kwa mashine kama hizo tafuta kadi ndogo: GeForce GT 710 hutumia wati 19, GT 1030 wati 30. Hakikisha pia ni toleo fupi lenye bati fupi la kufungia, la sivyo kasha halitafungika.

Tukiwa hapo kwenye pawa saplai, zungusha mashine utazame nyuma. Za zamani zina swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda bado iko kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye stima yetu ya volti 240, utasikia mlio na kuona moshi. Isogeze hadi 230 kabla ya kuchomeka chochote. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kebo nayo huwadanganya wengi. GT 1030 haitoi ishara ya VGA, kwa hiyo skrini ya zamani yenye VGA pekee itahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake. Kile cha bei rahisi cha kuunganisha pini tu hakitafanya kazi.

Skrini ikibaki nyeusi, usikimbilie kusema kadi imeharibika. Angalia kama kebo bado imechomekwa kwenye tundu la zamani la mashine. Kompyuta nyingi hulizima pindi zinapotambua kadi. Kisha zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache, gusa chuma cha kasha, na uichomoe kadi. Vumbi la Kieni hujaa kwenye sloti, kwa hiyo ipulize, na usugue meno ya kadi taratibu kwa ufutio safi. Wakati wa baridi ya Julai, mashine iliyotolewa stoo na kuingizwa chumba chenye joto iachwe saa kadhaa ikauke.

Bado giza? Rudisha kebo kwenye tundu la zamani bila kadi, uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Kadi ya zamani katika mashine ya UEFI huenda ikahitaji Secure Boot izimwe na hali ya Legacy iwashwe. Kinyume chake, baadhi ya kadi mpya hukataa kabisa mashine zenye BIOS ya zamani, na dawa ikiwepo ni toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji.

Picha ikionekana lakini ikiwa kubwa na hafifu, kinachokosekana ni draiva. Nvidia iliacha kutoa draiva mpya za Windows ya biti 32 mwaka 2018, hivyo kagua Windows yako ni ya biti ngapi kabla ya kulipa. Windows 10 nayo ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kadi haibadilishi hilo.

Kadi au mashine iliyokufa isichomwe wala kutupwa jaani, kwa kuwa ina risasi na metali nyingine zenye sumu. Kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi hupokea taka za kielektroniki. Toa diski kwanza, ukifute kilichomo.