KWA NINI DAGAA HUVULIWA USIKU?

Bila shaka umekwisha kula dagaa. Labda umewaona pia sokoni, wamekaushwa na kurundikwa juu ya magunia. Lakini ukifika Kigoma usiku usio na mwezi, ukasimama ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, utaona taa nyingi ziking'aa mbali majini mithili ya mji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Mchana mitumbwi yao huwa imetulia ufukoni. Kwa nini basi wavuvi hawa huchagua giza, wakati ambapo hatari za ziwa hazionekani vizuri?

Jibu limo katika tabia ya dagaa wenyewe, na tabia hiyo hutokana na jinsi maji ya ziwa yalivyo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi. Duniani ni Ziwa Baikal tu linalolishinda kwa kina. Unaweza kudhani kwamba samaki wake wana nafasi kubwa mno ya kuishi. Sivyo. Maji ya juu hupashwa joto na jua, nayo huwa na nyuzi 24 hadi 28 za Sentigredi. Maji ya chini yana nyuzi 23 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yatosha kuyatenga, kwa kuwa maji ya vuguvugu ni mepesi kuliko maji ya baridi.

Hebu jaribu mwenyewe. Jaza bilauri maji ya baridi hadi nusu. Tia wino kidogo katika maji ya vuguvugu, kisha uyamimine taratibu sana juu ya kijiko ulichokiweka usawa wa maji ya baridi. Maji yenye wino yatakaa juu. Sasa puliza juu ya maji kwa nguvu, halafu koroga. Je, kupuliza kumechanganya maji yote, au ya juu tu?

Ziwani nako upepo huchanganya maji ya juu tu. Kwa hiyo oksijeni itokayo hewani haifiki chini kabisa. Upande wa kaskazini wa ziwa, oksijeni hukoma kwenye kina cha meta 100 hivi; upande wa kusini hufika hata meta 200. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Samaki wote wa ziwa hili kubwa wanaishi katika tabaka hilo jembamba la juu.

Dagaa ni samaki wadogo. Wengi wao hawazidi sentimita 10 kwa urefu. Chakula chao kikuu ni vijidudu vya majini, ambavyo huishi kwa kula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana vijidudu hivi hushuka penye mwanga hafifu, na dagaa nao hushuka. Huko chini si rahisi kwa maadui kuwaona. Adui yao mkubwa ni mgebuka, samaki mwenye mbio. Jua likizama, vijidudu hupanda karibu na uso wa ziwa, na makundi makubwa ya dagaa hupanda kuvifuata. Alfajiri wote hushuka tena.

Mvuvi hungoja safari hiyo. Wazee wa zamani waliwasha moto wa kuni katika mtumbwi na kuwateka dagaa kwa wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zilienea karabai, pamoja na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu mkubwa ukishushwa kati yake. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Njia ni ile ile: taa huning'inizwa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini yake, na wavu huinuliwa kutoka chini. Mara nyingi migebuka waliokuja kuwala dagaa hunaswa pamoja nao!

Mbalamwezi ikienea ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuvuta samaki. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu.

Chakula hiki chote hutegemea mbolea iliyo katika maji ya chini, ambako mimea na wanyama waliokufa huzama na kuoza. Kati ya Mei na Septemba, upepo mkali wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea hupanda. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, maji ya ziwa yamekuwa yakiongezeka joto. Maji ya juu yakizidi kuwa mepesi, upepo huyachanganya kwa shida, na mbolea ipandayo hupungua. Tena wako wavuvi wavutao makokoro ufukoni na kuzoa dagaa wachanga kabla hawajazaa. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Kwa familia iliyotegemea taa zile, miezi mitatu haikuwa mifupi.

Tazama mwezi kila usiku kwa siku 30, uchore umbo lake katika daftari. Kisha weka alama kwenye siku ambazo wewe, kama ungekuwa mvuvi wa Kigoma, ungekwenda ziwani.